Ijara ya Tabibu

Mwaka 1977 Tanzania ilitunga sheria ya kuzisimamia hospitali za watu binafsi, na kwa sheria hiyo tabibu aliyekuwa ameweka kibao mlangoni pake, akipokea wagonjwa na kutoza ijara kwa faida yake mwenyewe, alitakiwa akishushe. Kazi ya kutibu ikabaki mikononi mwa serikali na mwa jumuiya zilizopewa idhini, ambazo aghalabu zilikuwa za dini na hazikutafuta faida. Walioitunga sheria ile hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na husuda na madaktari. Waliona jambo ambalo kila mwenye insafu hulikiri, kwamba mtu anayeumwa hawezi kupatana bei kama anavyopatana bei ya kitambaa au ya samaki, kwa kuwa hana wakati wa kuzunguka maduka, hana ilimu ya kuipima bidhaa anayouziwa, na hawezi kusema basi, nitapita tena kesho. Wakaona kwamba, madhali mgonjwa hana nguvu ya kukataa, kumfanya chumo ni dhuluma. Mwaka 1991, baada ya miaka 14, sheria ikarekebishwa na vibao vikarudi milangoni.

Tulitoka katika katazo tukaingia katika ruhusa bila ya kulijibu swali lililozaa yote mawili: je, mtu anaweza kupata fedha nzuri kwa kuwahudumia wenziwe, na huduma yake isiharibike? Mimi naamini anaweza. Naamini pia kwamba pato na huduma vinapotenganishwa kwa nguvu, wa kwanza kuumia ni yule anayehudumiwa. Walakini sisemi kwamba kila pato huafikiana na kila huduma. Na mizani ninayoitumia haipimi ukubwa wa ijara, inapima mambo mawili: ijara ile imetoka wapi, na kama uchache wa fedha za mlipaji unapunguza kile anachopewa.

Rai ya kwamba mwenye kuhudumu asizitazame fedha ina heshima kubwa kwetu, na haikuipata heshima hiyo bure, kwa sababu aliyeitoa kwa sauti kubwa kuliko wengine wote alianza kwa kuitekeleza katika mfuko wake mwenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kuupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, uliowataka wahitimu watumikie kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akaghadhibika, akawarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao, na papo hapo akatangaza kwamba mshahara wake yeye mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Haikupita miezi minne likaja Azimio la Arusha, nalo likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, au kuwa na nyumba za kupangisha.

Nayataja haya kwa taadhima, kwa maana mtawala anayejikata mshahara kabla hajamaliza kuwakaripia wanaotaka mishahara mikubwa ni adimu katika kila zama na kila nchi. Hata hivyo mfano wa mtu mmoja mwadilifu hauwezi kugeuzwa kuwa kanuni ya mishahara ya taifa zima. Rais aliyejipunguzia mshahara alibaki na nyumba, gari, walinzi na matibabu, naye alistahiki vyote hivyo. Kijana aliyetoka chuoni alikuwa na wadogo zake waliomngoja awalipie karo, na mzee aliyeuza ng'ombe ili yeye asome. Mtu akijinyima kwa hiari yake, hiyo ni ibada yake na malipo yake yako kwa Mola wake. Akimnyima mwenziwe, kisha akasema kwamba kunyimwa kule ndiyo ibada ya mwenziwe, ametumia neno tukufu kwa jambo lisilolifaa.

Na matokeo yake tuliyaona. Katika miaka ya 1980, bei za vitu zilipopanda na mshahara wa daktari wa serikali ukawa haumfikishi mwisho wa mwezi, ijara iliyofukuzwa mlangoni ikaingia kwa uani. Mgonjwa aliambiwa aje na glavu zake na uzi wake wa kushonea. Jamaa yake alijua, bila ya kuambiwa, kwamba jina lililo chini ya orodha huweza kupanda juu likisindikizwa na chai. Madaktari wengine walipokea wagonjwa majumbani mwao baada ya magharibi, wengine wakafunga mizigo wakaenda kutibu katika nchi za kusini walikolipwa kwa kadiri ya ujuzi wao. Sheria ilikusudia kumlinda fukara asiuziwe matibabu, na ikaishia kumwacha auziwe kwa siri, bila ya stakabadhi, bila ya bei inayojulikana, na bila ya mahali pa kushtaki. Mwenye nacho alitoa na akatibiwa, asiye nacho akaambiwa dawa hakuna, na katika daftari wote wawili waliandikwa kwamba wametibiwa bure.

Mabishano haya si mageni kwa watu wa pwani, kwani yalikuwako katika vyuo vya Kurani kabla ya kuwako hospitalini. Katika tarikhi ya Uislamu inasimuliwa kwamba Sayyidna Abubakar, mara baada ya kupewa ukhalifa, alionekana akielekea sokoni na nguo begani kwenda kuziuza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na watu wa nyumbani kwake walitaka kula. Sayyidna Omar alipomkuta akamuuliza vipi ataweza kuuza nguo na kuyaangalia mambo ya Waislamu kwa pamoja, na ndipo alipokadiriwa posho itokayo Baitul Mali, hazina ya Waislamu. Wale waliokuwapo walitambua kwamba kiongozi anayelazimika kutafuta chakula cha wanawe sokoni atawahudumia watu kwa saa zile zitakazosalia, wakamlipa ili wapate saa zake zote.

Wanavyuoni nao walihitilafiana juu ya mwalimu wa Kurani, kama ni halali kwake kupokea ujira kwa kufundisha maneno ya Mwenyezi Mungu. Wa madhehebu ya Hanafi wa zama za mwanzo walikataa. Waliokuja baadaye, katika madhehebu hayo hayo, wakaruhusu, na sababu waliyoitoa ni ya kutazamwa sana: kwamba zamani walimu walitunzwa na Baitul Mali, na posho hizo zilipokatika, kumkataza mwalimu ujira kulikuwa ni kuikata ilimu yenyewe. Huku kwetu, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea, mwalimu wa chuo amekuwa akipewa senti zake, na mtoto akihitimu wazee wake humpelekea mwalimu nguo au fedha kwa kadiri walivyojaaliwa. Sijapata kusikia mtu wa Lamu, wa Mombasa wala wa Unguja akisema kwamba sura alizofundishwa ziliharibika kwa sababu ya kanzu ile. Na jambo lililoilinda heshima ya ujira huo ni hili, ambalo naomba msomaji alishike: mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi walikaa juu ya mkeka mmoja, wakaufuata mdomo mmoja wa mwalimu, na aliyeleta kidogo hakusomeshwa sura chache.

Siku hizi neno linalotumika zaidi ni wito. Daktari akidai mshahara huambiwa kwamba kazi yake ni wito; muuguzi kadhalika, na mwalimu. Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma za Kenya waliweka chini vifaa vyao, wakidai yatekelezwe makubaliano waliyotiliana saini na serikali tangu 2013. Mgomo ule uliendelea kwa siku 100, mpaka Machi 2017, na katikati yake viongozi saba wa chama chao walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, wakatolewa baada ya siku chache. Siwezi kuzizungumza siku 100 zile kwa wepesi. Walioumia hawakuwa wakubwa serikalini, ambao wana mahali pengine pa kutibiwa. Walioumia ni wenye uchungu wa uzazi na wenye watoto wachanga katika vitongoji. Lakini nauliza nani aliyevunja ahadi kwanza, na kwa nini neno wito hutamkwa kwa ukali mbele ya aliyengoja miaka mitatu, na halitamkwi kabisa mbele ya aliyeweka saini yake akakaa kimya. Wito wa kweli huwafunga wote wawili, anayehudumu na anayeajiri.

Wala tusidanganyike kwamba kuondoa faida peke yake kunatosha. Pumwani ni hospitali ya umma, ya wazazi, mashuhuri katika jiji la Nairobi, haina mwenye hisa anayengoja gawio. Na bado, mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Kenya ilibidi iamue kwamba kuwazuia humo wanawake waliokwisha kujifungua, kwa sababu wameshindwa kulipa gharama, kulikuwa ni kinyume cha Katiba. Basi mwanamke anaweza kufungiwa wodini na mtoto wake mikononi, na kusiwe na tajiri yeyote anayenufaika na kufungiwa kwake.

Kuna kundi la pili la watu, nao ni wengi zaidi kuliko wale wanaokataza ijara, ambao husema: wacha mtu achume kwanza kwa namna awezavyo, kisha atahudumia watu kwa alichokichuma. Njia hii ina watu wake wakubwa katika historia yetu, na sina wa kumtaja kabla ya Sewa Haji Paroo. Alizaliwa Unguja mwaka 1851 katika jamaa ya wafanyabiashara Makhoja wenye asili ya Kachi, akakulia katika biashara ya Bagamoyo, mji ambao misafara ya bara ilianzia hapo na kuishia hapo. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kuendewa na kila mwenye safari: shuka, shanga, waya wa shaba na wapagazi, vyote vilipatikana kwake, na pembe za ndovu zilizoteremka pwani zilipita mikononi mwake na mwa wenziwe. Stanley, msafiri wa Kizungu, alipokwenda kumtafuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, aliwekewa wapagazi na kijana mmoja wa Bagamoyo ambaye wanahistoria wanamtambua kuwa ndiye Sewa Haji, na katika kitabu chake akamlalamikia kwa uchungu juu ya hesabu za malipo ya wapagazi hao. Stanley naye hakuwa mtu wa kusifiwa kwa upole, kwa hiyo lalamiko lake nalipokea kwa hadhari.

Sewa Haji huyu huyu, alipokuwa na mali, alitoa kwa mkono mpana. Aliutolea mji wa Bagamoyo jengo la skuli, kwa sharti kwamba watoto wa kila kabila wapokewe humo, na sharti hilo aliwawekea Wajerumani, watawala ambao hawakuzoea kuwekewa masharti na raia. Alitoa kwa ajili ya wagonjwa, akausia mali yake iwafae baada yake. Alifariki mwaka 1897, angali na miaka arubaini na kitu. Hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo, na mgonjwa anayelazwa Muhimbili hata sasa huweza kuambiwa kitanda chako kiko Sewahaji, naye akajilaza asijue kwamba ametaja jina la mtu.

Hisani hiyo naitukuza, na natamani matajiri wetu wa leo wangaliifuata. Lakini hapo ndipo ninapoona upungufu wa njia yenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba ratili sitini au sabini za shuka au za pembe, akatembea miezi, akauguza mabega, na huenda akafia njiani, hakuwa miongoni mwa waliosomeshwa katika jengo lile, wala hakurudishiwa alichopunjwa, kama alipunjwa. Mali ilitoka kwa watu hawa ikaenda kuwafaa watu wale. Wafanyabiashara wa zama zile huenda hawakuona njia nyingine, na mimi si kadhi wao. Ila sisi tulio hai leo tukiifanya hiyo kuwa kanuni, tutamruhusu mwenye kiwanda awalipe wafanyakazi wake kidogo mwaka mzima, ili mwezi wa Ramadhani agawe mchele na tende kwenye mtaa ule ule wanakokaa, na apigwe picha.

Kwa hiyo nimekuwa nikiitafuta njia ya tatu, ambayo huduma imo ndani ya kuchuma kwenyewe, na mfano ulionitosheleza uko ng'ambo ya bahari yetu, katika mji wa Madurai, kusini mwa India. Mwaka 1976 daktari wa macho wa serikali, Govindappa Venkataswamy, alistaafu akiwa na miaka 58. Maradhi ya baridi yabisi yalikuwa yameikunja mikono yake tangu ujana, na kwa vidole vile vile vilivyopinda alikuwa amejifunza upya kushika kisu na kupasua macho. Badala ya kupumzika alifungua, pamoja na ndugu zake, hospitali ndogo ya vitanda 11, akaiita Aravind. Ugonjwa alioukabili zaidi ni mtoto wa jicho, ambao huwatia upofu mamilioni ya watu, ilhali upasuaji mfupi unaweza kumrudishia mtu nuru yake.

Mpango wake ulikuwa hivi. Mwenye uwezo atalipa bei ya kawaida, asiye na uwezo atalipa kidogo sana au hatalipa, na faida itokayo kwa wa kwanza itamfaa wa pili. Hakuna karani anayemhoji mtu juu ya umasikini wake. Mgonjwa mwenyewe huchagua aingie mlango upi. Anayelipa hupata chumba, faragha na kitanda laini, na asiyelipa hulala katika ukumbi pamoja na wenziwe. Tofauti inaishia hapo, kwa sababu madaktari hupangwa kwa zamu pande zote mbili, na mkono uliompasua mwenye duka la dhahabu leo, kesho humpasua mkulima wa mpunga. Katika chumba cha upasuaji meza huwekwa mbili mbili: daktari akimaliza jicho la huyu, hugeukia meza ya pili ambako mgonjwa mwingine amekwisha kutayarishwa na wasaidizi, wasichana waliochukuliwa vijijini na kufundishwa kazi hiyo barabara. Kwa mpango huo daktari mmoja huweza kupasua zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka. Lenzi za kupandikiza jichoni zilipokuwa ghali kwa kuagizwa ng'ambo, wakaanzisha mwaka 1992 kiwanda chao wenyewe, Aurolab, wakazitengeneza kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya zamani, na leo huziuza katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya wanaopasuliwa hawalipi au hulipa kidogo, na hospitali ile haikufilisika. Imeongeza matawi mwaka hata mwaka. Madaktari wake wana mishahara, wanasomesha watoto wao, na hawahitaji chai ya mtu.

Sisemi kwamba kila ugonjwa utatii mpango huu. Mtoto wa jicho una upasuaji mfupi, unaojulikana, ambao aghalabu mgonjwa hutoka na kwenda zake. Figo iliyokufa inataka kusafishwa damu wiki baada ya wiki, na saratani inataka dawa ambazo hata mwenye duka la dhahabu huuza duka. Kwa maradhi ya namna hiyo hakuna wingi wa walipaji utakaotosha kuwabeba wasiolipa, na hapo hapana budi hazina ya umma na bima viingie. Nchi zetu zimeanza kulielewa hilo: Tanzania imetunga sheria ya bima ya afya kwa wote, na Kenya iliuanza mfuko wake mpya Oktoba 2024. Lakini bima hulipa gharama tu, haiwezi kulazimisha insafu. Na mtu ambaye amewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi ya hospitali kubwa anajua namna karani anavyoipokea kadi, akaitazama, akauliza ni bima gani, na kwa jibu hilo mgonjwa akaelekezwa kwenye foleni fupi au kwenye foleni ndefu, kabla mtu yeyote hajamuuliza anaumwa nini.

Basi hospitali inapoomba leseni, ningependa iulizwe mambo ambayo fomu za leseni haziulizi. Aliye na kadi ya chini atatibiwa na daktari yule yule amtibuye mwenye fedha taslimu, au atapelekewa mwanafunzi? Bei imebandikwa ukutani, mgonjwa aione kabla hajalazwa? Daktari analipwa mshahara unaojulikana, au analipwa kwa idadi ya vipimo alivyoviandika, hata akawa na sababu ya kumpima damu mtu mwenye mwiba mguuni? Kinachonitia hofu ni fungu lile la malipo linaloongezeka kila daktari anapoongeza taabu na gharama za mgonjwa, kwa maana hapo pato limeacha kufuatana na huduma na limeanza kufuatana na udhaifu wa mtu. Daktari anayelipwa milioni nyingi kwa mwezi kwa kazi yake namwombea baraka.

Na jambo la mwisho linawahusu wanaoanza. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma tena, kwa siku 56, na katika kiini cha ugomvi ule yalikuwamo malipo ya vijana waliomaliza masomo na kuingia katika mwaka wa mafunzo kazini: makubaliano ya 2017 yalitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Hao ndio wanaokesha wodini, wanaomshika mgonjwa mkono saa nane za usiku wakati daktari bingwa yuko nyumbani, na hao ndio watakaokuwa mabingwa baada ya miaka kumi, wenye hospitali zao na bei zao. Kijana aliyefundishwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi kwamba ahadi iliyoandikwa inaweza kupunguzwa kwa theluthi mbili, na kwamba akilalamika ataambiwa kazi yake ni wito, atakuwa na madai yake ya kulipiza siku atakapokuwa na nguvu, na hatamdai waziri. Atamdai mgonjwa atakayeingia mlangoni pake. Ahadi za namna hiyo zitekelezwe kama zilivyoandikwa, na malimbikizo walipwe vijana hao.